Nukta Iliyotoka Nje ya Boksi

Wasee, zile tembe za manjano za malaria, AL, nne asubuhi, nne jioni, siku tatu. Wewe huzimeza na nini?

Baada ya mto Tana kufurika, mbu walitumaliza hapa Garsen. Mdogo wangu akaanzishiwa AL. Nyanya akamwambia, "Mjukuu wangu, kunywa maziwa kwanza." Tukacheka. Dogo akameza na chai ya rangi, tumbo tupu. Wiki mbili hivi, homa ikarudi. Siwezi kuapa ni tumbo tupu lililomrudisha kitandani, pengine ni mbu mwingine. Lakini swali lilinikaa kichwani.

Nikaingia PubChem, ghala la data za kemikali, bure kabisa. Nikachora grafu kwa simu: chini uzito wa molekuli, kando kiasi inavyopenda mafuta kuliko maji. Kila dawa nukta moja. Kisha nikapiga mistari miwili, 500 na 5. Mipaka hiyo ilitolewa mwaka 1997 na Christopher Lipinski na wenzake: dawa nyingi za kumeza hukaa ndani yake.

Watengenezaji dawa hutumia grafu za aina hii. Wana maelfu ya kemikali, kila moja na namba kibao. Ukisoma jedwali utalala. Ukichora, unaona papo hapo ipi imepotea njia, na uibadilishe upande gani kabla hujachoma pesa maabara. Pale Cape Town, Profesa Kelly Chibale, Mzambia, alianzisha kituo cha H3D mwaka 2010, na wanatafuta dawa za malaria kwa kazi kama hii.

Sasa grafu yangu. Kwinini, 324, ndani. Artemetha, 298, ndani. Lumefantrini, 529, nje! Kupenda mafuta imepita 8, na kila namba moja ni mara 10. Na hiyo ndiyo dawa ya pili ndani ya AL.

Kuwa nje si kuwa takataka. Ni kusema inahitaji msaada. Bila mafuta tumboni, kidogo tu ndiyo huingia kwenye damu.

Kwa hiyo maziwa ya Nyanya hayakuwa mambo ya wazee. Yalikuwa sehemu ya dawa. Huna maziwa? Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, poa tu.

Nilimwonyesha Nyanya ile nukta. Akaangalia simu, akasema, "Hilo nililijua bila kuchora." Haya basi. Mimi ilibidi nichore.