Funguo Nyingi, Mlango Mmoja



Mwezi uliopita, gatini hapa Wesha, tuliinama kumpa mkono mzee aliyekuwa akishuka mashuani, na simu ya ofisi ikachomoka mfukoni ikatumbukia majini. Tulicheka pamoja na mabaharia. Simu ni chombo tu, tukasema, hununuliwa nyingine. Kicheko kilikatika jioni, tulipoazima kompyuta ili tuendelee na kazi.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa tumeiachia akaunti moja ya Google ituwekee maneno yetu yote ya siri: la king'amuzi, la huduma ya mikutano ya video, na la hifadhi ya intaneti tunayoilipia kila mwezi, ambamo zimo picha za daftari la ubatizo. Tulifanya hivyo kwa nia njema. Mtu anayejitahidi kukumbuka maneno kumi ya siri huishia kutumia lile lile kila mahali, na mwizi akilipata moja huwa ameyapata yote. Akaunti ilitubunia neno refu, tofauti kwa kila huduma, nasi tukabaki na moja tu la kukumbuka. Hilo hatulijutii.

Kosa letu lilikuwa kwingine. Tulipoandika neno lile moja katika kompyuta ngeni, akaunti ilituma tarakimu sita za uthibitisho kwenye laini iliyokwisha kuzama. Tena laini ile ilikuwa imesajiliwa, kwa alama za vidole, kwa jina la katibu wetu wa zamani, ambaye sasa anaishi Mwanza. Vidole vyetu sisi visingeweza kuirudisha.

Siku zile zile binti mmoja alihitaji cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa yake. Ukurasa wenye jina lake katika daftari la karatasi ulikwisha kuliwa na mchwa. Ndiyo sababu tuliwahi kupiga picha. Picha ilikuwapo, salama kabisa, nyuma ya mlango tulioufunga wenyewe. Alikuja kuketi barazani kwetu asubuhi tatu mfululizo. Hakulalamika, na hilo lilituuma kuliko lawama.

Sisi wa visiwani tulikwisha kupewa somo hili kwa njia nyingine. Desemba 2009 njia ya umeme itokayo Bara chini ya bahari ilipata hitilafu, na Unguja ikakosa umeme huo hadi Machi 2010. Pemba, ambayo iliunganishwa na Tanga baadaye mwaka huo wa 2010, ilikuwa bado ikitegemea mitambo ya dizeli ya hapa Wesha. Waya wa Unguja ulikuwa umetumika kwa miaka mingi. Udhaifu wake ni kwamba ulikuwa peke yake. Miaka michache baadaye ukalazwa wa pili.

Siku ya tisa katibu yule alifanikiwa kurudishiwa laini huko Mwanza, akatusomea zile tarakimu sita kwa simu ya jirani. Binti akapata cheti chake.

Tangu hapo tumejirekebisha. Akaunti sasa inaweza kufunguliwa kwa laini yetu, kwa simu ya mhazini, na kwa namba kumi za akiba ambazo Google humpa mwenye akaunti, kila moja ikitumika mara moja tu. Namba hizo tumezichapa na kuzifungia kashani pamoja na madaftari. Vilevile tumeandika orodha ya huduma zote, tarehe za malipo na mhusika wa kila moja, bila maneno ya siri. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kuiandika tuligundua huduma moja tuliyoilipia mwaka mzima bila kuitumia. Namba ya siri ya pesa za simu hatukuiweka popote, bali kichwani.

Ndugu zetu, tuulizane jioni ya leo majumbani mwetu: simu ya baba au ya mama ikizama, nani mwingine anajua njia ya kuingia? Mtunza funguo naye husafiri, huugua, na siku moja huaga dunia. Tusiwaache wanaotutegemea wakiketi barazani.

Tuonane juma lijalo.