Waifai ya wateja isikae pamoja na daftari la madeni



Kazi yangu ni mahindi, soya na mbaazi. Lakini siku hizi nikipita kwenye maduka ya nafaka hapa Mfaranyaki, naulizwa habari za waifai karibu sawa na za mbolea. Leo nieleze jambo moja, maana linagusa fedha na heshima zenu.

Mfanyabiashara mmoja ana duka hapa na ghala upande wa Mshangano. Wakulima wanaosubiri mzigo upimwe huomba nywila ya waifai, naye huwapa. Ni ukarimu. Ila kompyuta ya mhasibu, printa na kamera zilikuwa kwenye waifai hiyohiyo. Siku moja nikiwa pale, kijana alifungua kwa simu yake folda ya ofisi iliyoachwa wazi: majina, namba za simu, madeni ya mbolea. Mzee aliyeketi benchi lilelile akasikia deni lake likisomwa kwa sauti. Alipakia magunia yake upya akaondoka. Nilimwelewa.

Tena si aibu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Huwa tunawaambia: viuatilifu visikae chumba kimoja na mahindi ya kula. Mtandao nao ni hivyo. Fundi anaweza kuugawa vyumba bila kuvuta waya mpya. Mgawanyo huo huitwa VLAN. Kila mzigo wa data hupigwa chapa ya namba, kama gunia la mwenye mali. Namba zinazotumika ni 1 hadi 4094. Kwa mfano, ofisi iwe 10, wateja 20, kamera 30. Kifaa kinachoongoza visahani vya waifai huambiwa: jina la wateja liende 20, la ofisi liende 10.

Kabla ya kumlipa fundi, hakikisha haya:

1. Swichi inaelewa chapa hizo. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi hazielewi.

2. Kila chumba kina anwani zake. Ofisi ikiwa 192.168.10, wateja wawe 192.168.20.

3. Ruta imewekewa katazo la wateja kuingia ofisini. Hapa ndipo wengi huachwa. Ruta nyingi, zisipokatazwa, huunganisha vyumba vyote, na kazi ya kugawa inakuwa bure.

4. Jaribu mwenyewe. Ingia kwa waifai ya wateja, kisha fungua anwani ya printa au kamera. Ikifunguka, fundi hajamaliza.

Ghala la mbali lina jambo lake. Kisahani kipya humtafuta kiongozi wake kwa kupiga kelele ndani ya mtandao wake tu. Kelele hiyo haivuki ruta. Kwa hiyo kisahani cha Mshangano hakitakiona kifaa kilichoko dukani mpaka kipewe anwani yake. Fundi anaweza kuiandika kwenye kila kisahani, au kuiweka kwenye ruta ya ghala ili iigawe yenyewe. Mafundi huiita chaguo namba 43 la DHCP. Duka na ghala viunganishwe kwa njia iliyofungwa, yaani VPN, na visitumie anwani zinazofanana. Vikifanana, ruta haitajua mzigo uende wapi.

Mwenye duka dogo hahitaji yote haya. Ruta nyingi zina sehemu ya waifai ya wageni. Iwashe, iwe na nywila yake, na nywila ya ofisi ibadilishwe leo, kwa sababu ile ya zamani imeshazunguka mtaa mzima.

Na folda ya madeni ifungwe kwa nywila vilevile. Kugawa mtandao hakumzuii mtu aliyekwisha kuingia ofisini.