Mwezi Uliolala

Kosa nitakalolisimulia hapa ni langu mwenyewe, wala simtwishi mwingine. Nilimkata alama mtoto aliyesema kweli, kwa sababu kweli yake haikufanana na picha iliyokuwa mkononi mwangu.

Mwaka 2009, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, nilikuwa nimekwisha kustaafu ualimu hapa Unguja. Nikavuka bahari kwenda kukaa kwa dada yangu, aliyeolewa Mazingara, katika nchi ya Wazigua ya Handeni na Korogwe. Umeme ulikuwa haujafika kitongojini kwao. Jua likishatua, mbingu hushuka karibu hata ukadhani ukiinua upondo utazichuma nyota kama maembe. Wajukuu wa dada yangu na wenzao wa jirani walikuwa wakija uani jioni, wakinitolea shikamoo kwa mkupuo, kisha wakiketi mkekani kungoja hadithi.

Rafiki yangu mmoja alikuwa ameniletea kitabu cha vibonzo kutoka ng'ambo, chenye kueleza habari za jua, mwezi na sayari. Nilikipenda mno. Sisi wa kizazi changu tunajua nguvu ya vibonzo. Wengi wetu tulilifungua gazeti la Uhuru ili tumwone kwanza Chakubanga, na waliotufuata walinunua Sani kwa ajili ya Ndumilakuwili. Picha humshika mtoto mkono, ikampeleka mpaka kwenye neno ambalo peke yake angeliogopa. Basi nikaketi nikakinakili kitabu kile kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, nikabadili maneno tu: nikamweka Sungura awe mwenye kuuliza, na Fisi awe mwenye kujibu upuuzi. Fisi aliuona mwezi kuwa ni kipande cha mnofu kilichoanikwa. Watoto walicheka mpaka wakalala chali.

Jioni moja niliwaambia wachore mwezi wa siku ya tatu. Wote waliuchora kama ulivyokuwa kitabuni, umesimama wima, mgongo upande mmoja na pembe upande wa pili. Msichana mmoja tu, wa darasa la tano, ndiye aliyeuchora umelala chali, pembe zote mbili zikitazama juu, mfano wa dau lililopwelewa. Nikamtilia mkato mwekundu.

Akasema kwa sauti ya chini, "Babu, wa kwetu umelala."

Nikamjibu, "Tazama kitabuni, mwanangu."

Akatazama kitabuni, akanyamaza. Jioni zilizofuata alikuja, lakini hakuuliza jambo tena.

Waama, msomaji mpenzi, mimi ni mtu wa kisiwani. Tangu utotoni nimesimama ufukweni kila mwisho wa Shaabani kuutafuta mwezi mwandamo. Malenga wetu wameufananisha mwezi na chombo tangu kale, nami nimezisoma tungo zao na kuzifundisha. Hata hivyo nilihitaji kutoka uani kwa dada yangu, mwezi mwingine ulipoandama, nikaelekea magharibi, ndipo nikauona kama niliokuwa sijapata kuuona: umelala, umeelemea kidogo upande, lakini umelala. Nilisimama pale nikiwa na haya ya mtu mzima.

Sababu yake si fumbo. Upande wa mwezi unaong'aa daima ndio unaolielekea jua. Katika nchi za mbali na Ikweta jua hushuka kwa mshazari, likautupia mwezi mwanga kutoka ubavuni, nao huonekana umesimama. Kwetu, nyuzi tano au sita tu kusini ya Ikweta, jua huzama karibu wima, likawa chini ya mwezi, nao ukapata mwanga kutoka chini kama uso wa mtu aliyeinamia kibatari. Mchoraji wa ng'ambo hakusema uongo. Alichora mbingu ya kwao. Mwongo nilikuwa mimi, niliyemlazimisha mtoto aikane mbingu ya kwao kwa ajili ya mbingu ya wenyewe.

Nikakirudia kitabu kile kwa jicho jingine. Kilimwambia msomaji aitafute Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo Mazingara haionekani kabisa, imo chini ya upeo, na mabaharia wetu waliokwenda Arabuni walianza kuiona walipokwisha kuivuka Ikweta. Kilisema kivuli cha adhuhuri wakati wa kiangazi huwa kifupi. Hakikusema kwamba kwetu, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya kwanza ya Oktoba, jua hupita utosini na mtu akakanyaga kivuli chake chote. Hakikuwa na habari za Kilimia, ambacho wazee wa pwani walikitazama wakajua majira ya jembe.

Nilimwita yule msichana mbele ya wenzake, nikaufuta mkato wangu, nikamwomba radhi. Kisha nikampa kalamu. Tulikichora upya kitabu chote, kwa sharti moja: lisiingie lolote ambalo hatujalitazama wenyewe kwanza. Na katika viduara vya maneno, ambavyo ni vidogo na havipokei maneno mengi, niligundua kwamba kipande cha mizani minane huenea barabara. Watoto wakawa wanaikariri elimu ile kama utenzi.

Faida yake niliiona tarehe 1 Septemba 2016. Siku hiyo jua lilipatwa. Kule Rujewa, wilayani Mbarali, lilibaki pete ya moto, na Mazingara lilimegwa sehemu. Wanasayansi, akiwamo Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, walikuwa wamewaelezea wananchi habari zake mapema. Nasi tulikuwa tumetoa nakala za ukurasa mmoja, Fisi anakodoa macho juu, na Sungura ameshika kadi yenye tundu na kusema:

Usikodoe juani, jicho halina badali;
Toboa tundu kadini, tazama chini kivuli.

Yule msichana, sasa mwanamwali, ndiye aliyewapanga watoto wadogo chini ya mwembe, migongo yao imelielekea jua. Karibu na saa sita mchana, kila upenyo wa majani ulitupa mchangani kijua kidogo chenye umbo la hilali, mamia kwa mamia. Watoto waliinama kuviokota. Hakuna aliyeinua uso.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kamili Misri na Makka, na kwetu litamegwa sehemu tu. Ameniletea salamu kwamba ameanza kuchora ukurasa mpya, na ameuliza nimpelekee picha gani za kunakili. Nimemjibu asinakili chochote. Kadi anayo, na mwembe ungali pale.