Wazee Kwanza

Aliyenitia katika kazi ya kuchapisha vitabu ni Aniceti Kitereza, ingawa sikuwahi kumwona. Mzee huyo alikuwa wa Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke tunayoitazama sisi wa Magu. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kuichapisha. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Vitabu vilichapwa China. Mwaka 1981 mzee akafariki kabla nakala hazijamfikia. Miaka 35 ya kungoja! Niliyasoma hayo nikiwa mwalimu wa Kiswahili, na mimi mwenyewe nina miswada kabatini. Yaliniuma kama ya baba yangu mzazi.

Nilipostaafu niliweka meza na kompyuta chumba cha mbele, jirani na barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Kuhariri na kupanga kurasa nafanya hapa. Kuchapa napeleka Mwanza mjini. Kule karatasi moja kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, kwa hiyo mswada wa kurasa 100 ama nitaupunguza ufike 96, ama nitauongezea picha ufike 112. Mwandishi mgeni huona namwonea, mpaka nimkunjie karatasi mbele ya macho yake.

Utaratibu wa foleni yangu ni mmoja: wazee kwanza. Mzee mmoja wa Kisesa aliniletea madaftari ya shule aliyoyajaza hadi pembezoni, habari za mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Wasukuma. Sikungoja fedha za nakala 500. Nilitoa chache, nikampelekea ya kwanza nyumbani. Jina lake kwenye jalada hakulitazama. Alitafuta ukurasa wenye jina la manju wa kijiji chao, akafuatisha herufi kwa ukucha, polepole, hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "huyu umemwandika sawasawa. Sasa wajukuu zake waje wasome."

Vitabu vya kiada siku hizi huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo sisi wadogo hatuna soko la uhakika shuleni. Mimi nauza Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, hasa sikukuu ya Bulabo. Ngoma zinashindana, umati umejaa, na pamba ikishaanza kununuliwa pesa inakuwepo. Mtu aliyekuja kumwona manju wake anakuta ukoo wake umetajwa kitabuni. Ananunua, anaomba asomewe palepale. Wanaosema Watanzania hawasomi hawajawahi kusimama kwenye meza yangu.

Sasa hivi mkunga mmoja wa Nyanguge anasimulia, mjukuu wake anaandika, nami nasahihisha kadiri sura zinavyofika. Bibi amevuka miaka 80. Mswada wake umeipita riwaya yangu mwenyewe kwenye foleni, na fedha niliyokuwa nimeiweka kwa riwaya hiyo ndiyo itakayonunua karatasi yake.