Bei ya Kiti

Msomaji, kiti unachokikalia benki ukingoja kuitwa, au hotelini ukingoja chai, aghalabu hukitazami. Hukitazama siku unapoona doa. Mimi ni mtu ambaye riziki yake imo katika madoa hayo. Kazi yangu ni kusafisha viti vilivyovikwa kitambaa, navyo ni vya watu wa biashara: mahoteli, kumbi za mikutano, zahanati za watu binafsi, ofisi za vyama vya akiba na mikopo, na matatu ziendazo Kisumu. Duka langu, ikiwa chumba kimoja chenye ndoo na mashine chastahili jina hilo, liko mjini Migori. Lakini karibu nusu ya kazi naipata Homa Bay, ambako hufika kwa kupitia Rongo na Rodi Kopany mpaka kandokando ya Ziwa Viktoria. Nataka kukueleza jambo ambalo watu hulidhani dogo, nalo ni namna ya kukipa kiti bei.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, miji hii miwili imepata maofisa, wageni na mikutano, na kila mkutano hutaka mahali pa kukalia. Tarehe 1 Juni 2025, sikukuu ya Madaraka ilipoadhimishwa Homa Bay, mwenye hoteli aliyekuwa na viti vichafu hakuwa na udhuru. Majuma yaliyotangulia siku ile sikulala vema kwa wingi wa kazi, wala sikuyalalamikia.

Kwanza jua kiti kina nini ndani yake. Babu zetu wa pwani walijaza mito na magodoro kwa sufi au usumba wa nazi. Wazungu walitumia manyoya ya farasi. Leo karibu kila kiti kimejazwa sponji, kitu kilichotokana na elimu ya kemia aliyoianzisha Otto Bayer huko Ujerumani mwaka 1937. Sponji ni laini, nyepesi na rahisi, lakini ina tabia moja ambayo ni adui yangu: hunywa maji upesi na huyatoa kwa uchoyo. Kitambaa cha juu kinaweza kukauka kwa saa tatu, nawe ukadhani kazi imekwisha, kumbe chini yake pana kisima. Kikikaa na unyevu siku moja au mbili, koga huota, na harufu yake haiondolewi kwa manukato. Kwa hiyo ustadi wa kazi hii si kumwaga maji. Ni kuyatoa.

Mwaka 1901 mhandisi mmoja wa Uingereza, Hubert Cecil Booth, alitazama mashine iliyopuliza vumbi ili kuliondoa, akauliza kwa nini lisifyonzwe badala ya kupulizwa. Akiwa katika mkahawa mmoja wa London alitandika leso juu ya kiti kilichovikwa kitambaa, akatia kinywa chake, akavuta pumzi. Alipaliwa, lakini alipoigeuza leso aliona uchafu umeshikamana upande wa chini. Mashine zake za kwanza zilikuwa kubwa hata zikavutwa na farasi, zikasimama barabarani huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani. Mashine yangu huingia katika buti ya gari, nayo ni mjukuu wa leso ile. Ukitaka kujua kama kiti cha nyumbani kwenu ni safi, usiige kinywa cha Booth. Kipige kofi juani, utazame kinachoruka.

Uchafu wa Migori si uchafu wa Homa Bay. Migori ni mji wa barabara kuu iendayo Isebania na Tanzania, na vumbi lake ni jekundu, jembamba kama unga. Ukilitia maji kabla ya kulifyonza likiwa kavu, umejifinyangia udongo ndani ya kitambaa, na hapo utasugua mpaka jioni. Homa Bay vumbi ni pungufu, lakini ziwa lina mambo yake. Viko vipindi ambapo wadudu wadogo hupanda juu ya maji kama nguzo za moshi, wakaingia kwenye taa za mahoteli. Mtu akimsugua mmoja kwa kidole juu ya kiti, huacha alama ya mafuta. Tena pana samaki. Mgeni hula mbuta kwa mkono, kama ipasavyo, kisha huushika mkono wa kiti kana kwamba ni kitambaa cha kufutia. Hewa ya ziwani nayo ina unyevu, basi kiti kikaukacho Migori adhuhuri, Homa Bay hungoja mpaka magharibi.

Kila doa lina dawa yake. Damu na maziwa hutaka maji baridi, kwa sababu moto huvipika vikagandamana na nyuzi. Chai hulegea kwa siki iliyozimuliwa. Wino hutaka spiriti, nayo hupakwa kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Ubani wa kutafuna hugandishwa kwa barafu ukavunjika. Mafuta ya samaki hutaka sabuni, lakini sabuni yenyewe isiposuuzwa hubaki ikinata, na kiti kikachafuka upesi kuliko mwanzo. Kila dawa hujaribiwa kwanza mahali pa siri, nyuma au chini ya kiti. Na hili lishike sana, kwa kuwa linahusu uhai wako: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe usiichanganye kamwe na siki, maana hutoa hewa ya sumu.

Sasa nije kwenye bei. Mwenye mali huniuliza, "Fundi, kiti kimoja ni ngapi?" kana kwamba ananunua yai. Mimi humjibu kwa maswali. Viti vingapi? Kitambaa gani? Maji na umeme viko? Vitatakiwa lini? Wengine huudhika, hudhani nawapeleleza mifuko. Hebu tuhesabu pamoja, uone kwa nini nauliza.

Nilipata kuitwa Homa Bay kwenye ukumbi wenye viti 120, vyenye kitako na mgongo wa mahameli. Kiti kama hicho hunichukua dakika nane. Sisi tu watu watatu, basi viti vyote huchukua kama saa sita, ukiongeza saa mbili za kuhamisha na kupanga, siku imekwisha. Vijana wangu wawili ni shilingi 1,000 kila mmoja, jumla 2,000. Mimi mwenyewe 1,500, kwa maana fundi asiyejilipa anakula mtaji wake bila kujua. Sabuni na dawa 900. Maji mitungi minane ya lita 20, kwa shilingi 20 mtungi, 160. Gari la kwenda na kurudi 4,000. Mashine niliinunua kwa shilingi 60,000, na naitarajia ioshe viti 12,000 kabla haijachoka. Basi kila kiti huila shilingi tano, na viti 120 huila 600. Kodi ya chumba changu ni 4,000 kwa mwezi, na nikipata kazi kubwa nne, kila moja hubeba 1,000. Jumlisha: 10,160. Gawanya kwa viti, utapata karibu shilingi 85 kila kimoja, nami sijapata faida hata ya kununua daftari. Nilitaja 120. Viti vyote vingekuwa 14,400, na ziada 4,240, ambayo kwayo ningengojea siku zisizo na kazi na kulipia kiti ambacho huenda kingeharibika mikononi mwetu.

Laiti ukumbi ule ungekuwa Migori, gharama ya gari ingetoweka, na kiti kingenigharimu shilingi 51 na senti kidogo. Na laiti viti vingekuwa 20 tu huko Homa Bay, gari peke yake lingekula shilingi 200 kwa kila kiti. Kiti ni kile kile, doa ni lile lile. Ndiyo sababu sina bei moja iliyobandikwa ukutani, na ndiyo sababu wateja wadogo wa Homa Bay huwakusanya watatu au wanne kwa safari moja. Walimu wenu wakiwapa hesabu ya kugawanya, msiidharau.

Ofisa aliyeshughulikia ukumbi ule aliisikiliza hesabu yangu kwa adabu. Jengo silitaji, wala yeye simtaji. Alipomaliza kusikiliza aliwatuma vijana wangu nje, akasema polepole, "Mzee wangu, bei yako haina neno. Lakini katika ankara andika mia mbili. Mia na ishirini ni yako."

Nilihesabu upesi, kwa kuwa ni mazoea yangu. Shilingi 80 mara 120 ni 9,600, zaidi ya mara mbili ya faida yangu yote, na kwa fedha hiyo asingegusa hata ndoo. Mimi ningetia sahihi kwamba nimepokea shilingi 24,000. Siku ya ukaguzi karatasi ingesema jina langu, wala isingesema lake. Ilikuwa mwezi wa Januari, msomaji, nawe wajua Januari ni nini katika nyumba yenye watoto wa shule. Nilimwambia, "Bwana, mimi nitaandika kile nitakachopokea." Akatabasamu, akaniambia atanipigia simu.

Hakupiga. Kazi alipewa mtu mwingine, na kwa bei gani sijui. Baadaye nilialikwa arusi katika ukumbi ule ule. Mahameli iling'aa, rangi imerudi, kila mtu akaisifu. Nilipokaa niliona ubaridi unapanda katika suruali yangu, na pua yangu ikanipa habari iliyobaki. Bibi mmoja aliyeketi karibu nami aligeuka kulia na kushoto, akatazama soli za viatu vyake, kisha vyangu. Mimi nikaendelea kula wali.

Lakini siku ile ya kunyimwa kazi, tulipokuwa tukirudisha mashine garini, mdogo wa vijana wangu aliniuliza, "Mzee, sasa tutakula nini juma hili?" Sikuwa na jibu la kumpa, na gari lilikwisha kulipwa. Tulipita Rodi Kopany mvua ikianza. Jumatatu iliyofuata mwenye matatu mmoja wa Migori alituletea gari lake, viti 14 vya ngozi bandia, kazi nyepesi isiyotaka hata mashine. Nilimtoza shilingi 80 kila kimoja, akalipa 1,120 papo hapo. Nikawapa vijana 350 kila mmoja, nami nikabaki na 420.