Vitufe 16 na Kwaya ya Mbagala

Kwa mtu aliyejifunzia muziki kwenye programu ya FL, baa moja ni vitufe 16 vilivyojipanga mstari mmoja. Kiki unaiweka kwenye cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Snea unaiweka kwenye cha 5 na cha 13. Haihati unajaza utakavyo. Mimi na wenzangu wa Temeke hatukusoma nota, na piano ya kweli tuliiona kwenye televisheni tu, ila vitufe hivyo tulivijua hata gizani. Programu yenyewe ilitoka Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiitwa FruityLoops, mwaka 2003 ikabatizwa FL Studio, lakini sisi tuliendelea kuiita Fruti. Enzi hizo ukiifungua unakuta tempo iko 140 tayari, na kabla chai haijapoa mdundo umeshapatikana.

Toleo la kujaribia lilikuwa na sharti lake: unahifadhi kazi, lakini ukishaifunga huifungui tena mpaka ulipie. Juu ya hapo weka mgao wa umeme wa mwaka 2006. Tukawa watu wa kumaliza biti kwa mkao mmoja, na watu wakatusifu kwa kasi. Kasi gani? Tulikuwa tunawahi umeme usikatike.

Miaka ikapita, nikalipia, nikawa na chumba changu chenye magodoro ukutani na wateja wa kunitosha. Nisingeihama FL kama isingekuwa kwaya moja ya Mbagala iliyotaka kurekodi albamu. Niliwatengenezea mdundo mapema, nikawavalisha hedfoni wale viongozi wa sauti, nikawapa na mlio wa kliki. Wakaanza vizuri. Walipofika mwisho wa ubeti wakaivuta silabi ya mwisho, besi wakangoja wenzao wavute pumzi, ndipo wote wakaingia pamoja. Mdundo wangu ulikuwa umeshafika kwenye kiitikio, peke yake. Tukarudia, ikawa vilevile. Mwalimu wa kwaya, mzee mpole asiyependa maneno mengi, akavua hedfoni.

"Kijana wangu, hiyo mashine yako haipumui?"

"Inapumua kila baa ya nne, Mwalimu."

Hakucheka.

Nisiionee FL. Inarekodi sauti, na matoleo ya karibuni yanarekodi vizuri. Ila imejengwa kwa watu wanaoanza na kipande kifupi kisha wanakizungusha, na kwaya haizunguki. Rafiki yangu anayehariri vipindi vya redio akanishauri nijaribu programu nyingine, Reaper. Faili lake ni dogo, hata bando la siku linaliweza. Unaruhusiwa kuitumia siku 60 kabla ya kulipa, na leseni ya watu wa kipato chetu ni dola 60. Nilipoambiwa aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp ya kuchezea muziki, nikalainika kidogo. Hakukuwa na kibanda cha intaneti Dar es Salaam kisicho na Winamp.

Nikaifungua. Kijivu kitupu. Hakuna kiki, hakuna snea, hakuna kinanda cha kuchezea; inakupa vifaa vya kusafishia sauti, na sauti karibu zote ulete mwenyewe. Ndani ya FL nilizoea kwamba ala ziko dirisha moja, mpangilio wa wimbo dirisha jingine, miksa dirisha la tatu, na namba ya mstari kwenye mpangilio haina undugu na namba ya miksa. Hapa treki ndiyo kila kitu: ina sauti, ina nota, inabeba treki nyingine tumboni. Nilizunguka jioni nzima nikitafuta pa kuiunganisha ala na miksa, kumbe zilikuwa zimeungana tangu mwanzo. Mkono nao ulikuwa mbishi. Kwenye FL kubofya kushoto kunachora nota, kubofya kulia kunaifuta. Huku nikibofya kulia nifute, inashuka orodha ya mambo marefu. Kidole cha kushoto kikajifunza kukaa juu ya S, herufi ya kukata, na hapo ndipo amani ilipoanza.

Kwaya iliporudi sikuwapa kliki. Niliweka maiki nne, moja kwa kila sauti, nikabonyeza kurekodi, nikakunja mikono. Wimbo mzima ukapita. Kazi ikaja baadaye: kupita baa kwa baa nikiweka alama za tempo pale walipopiga hatua. Walianza 84, kwenye ubeti wa pili wakashuka mpaka 80, pambio la mwisho likawapandisha 91. Mistari ya programu ikawa inabanana na kuachana kuwafuata wao, kisha ngoma nikazipanga juu ya mistari hiyo. Kwa mara ya kwanza ngoma zangu zilikuwa nyuma ya watu.

Kuna gharama. Biti zangu za zamani sizisikilizi tena kwa raha, maana najua kila moja itageuka kwenye baa ya nane, kama daladala kituo cha mwisho.

Fruti sikuitupa. Inafunguka ndani ya Reaper kama plagini, na vijana wa singeli wakija hawataki kusikia kitu kingine. Kwenye mwendo wa zaidi ya 200 hakuna anayengoja pumzi ya mwenzake, na ukali wa ule mzunguko ndio utamu wenyewe. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, uliwapa wageni ladha hiyohiyo bila kuilainisha.

Mwalimu amerudi na albamu ya pili. Safari hii vijana wa kwaya yake wanataka mdundo wa singeli kwenye pambio la kufungia. Amekubali, kwa sharti kwamba ubeti wa tatu usiwe na ngoma hata moja. Vijana wananiomba nimbembeleze alegeze. Nimewaambia wamwendee wenyewe, mimi ni fundi tu.