Kutibu Macho Pemba: Tawasifu ya Kazi

Mtoto wa jicho ni kuchafuka kwa lenzi iliyomo ndani ya jicho mpaka mwanga usipite. Ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu duniani. Kisiwani Pemba, penye wakazi 543,441 kwa sensa ya 2022, kumwondoa ndiko kulikochukua sehemu kubwa ya umri wa kazi wa daktari aliyeandika tawasifu hii.

Hospitali ziko Wete, Chake Chake, Micheweni na Mkoani, ambako Hospitali ya Abdulla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China, nchi iliyoanza kupeleka madaktari Zanzibar mwaka 1964. Lakini mzee wa Kojani au Kisiwa Panza huanza safari kwa chombo, akamalizia kwa gari, na lazima awe na wa kumshika mkono. Msimu wa kuchuma karafuu msindikizaji huyo hapatikani. Basi kazi huanzia kwa sheha, kiongozi wa eneo, ajuaye nyumba ipi ina bibi asiyetoka tena nje. Mabibi ndio wanaosahauliwa zaidi: husema macho yamekwisha kwa uzee, na jamaa zao wakasadiki.

Kabla ya upasuaji jicho hupimwa ili ijulikane nguvu ya lenzi itakayowekwa. Ganzi hudungwa kando ya jicho. Hukatwa mkato wa milimita 6 hadi 7 kwenye weupe wake, lenzi chafu ikatolewa na ya plastiki ikashika nafasi, njia aliyoifungua Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Mkato uliokatwa vizuri hujifunga bila uzi, na kesho yake bandeji hutolewa.

Sehemu ngumu hufuata nyumbani. Kwa wiki kadhaa mgonjwa hutia dawa ya matone. Siku za mwanzo jicho lisiingie maji wala kichwa kisiinamishwe. Maagizo hayo yanagusa udhu na sijda, na daktari asiyeyazungumzia humwacha mgonjwa achague peke yake kati ya jicho na ibada. Mwandishi wa tawasifu hii huwaeleza wagonjwa wake waziwazi kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi, kwa ishara. Mwezi wa Ramadhani wengi huacha matone mchana kwa kuhofia funga, ingawa kwa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi kisiwani, tone la jicho halifunguzi.

Kambi za upasuaji za madaktari wageni husifiwa kwa idadi ya waliopasuliwa. Hesabu ya haki ni ya macho yanayoona: Shirika la Afya Duniani lilitaka angalau 80% yafikie 6/18, yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18. Hilo halijulikani mgonjwa asiporudi kupimwa.

Wapo pia ambao kisu hakiwarudishii nuru. Presha ya macho ikishaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, kilichopotea kimepotea. Hao huambiwa ukweli, wakapewa dawa ya kulinda kilichobaki, na ndugu zao wa damu huitwa wapimwe mapema, kwani maradhi haya hufuata ukoo.